ULIZA UJIBIWE: Masta ya epidemiolojia ya haraka haraka, niende au nitulie?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi ya aina moja, nadhani ni kwa sababu msimu wa maombi ya vyuo umekaribia na kila mtu anataka masta na anaitaka chapchap. Nimechagua manne yanayohusu epidemiolojia, ile fani ya kuchunguza ugonjwa unampata nani, wapi, lini na kwa nini, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku na hapo naweza kuongea bila kubabaisha. Majina tumeyaficha kama kawaida.

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Kikongo, nilikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla hatujaletwa Marekani, saa hii tuko Iowa na tayari tuna grinikadi. Niko mwaka wa tatu chuo, nasoma bayolojia. Mshauri wangu wa masomo ameniambia kuna mpango wa 4+1, eti namaliza digrii na masta ya epidemiolojia kwa miaka mitano. Papa anasema niachane na hiyo nisomee unesi nianze kupata pesa, na mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nataka udaktari. Hii 4+1 ni ya kweli ao ni biashara ya chuo? Na itanisaidia kuingia udaktari?

Marahaba mwanangu. Mpango ni wa kweli, vyuo vingi vya Marekani vinao. Unaomba ukiwa mwaka wa tatu, ukikubaliwa basi mwaka wa nne unaanza kuchukua baadhi ya kozi za masta, na krediti za kozi hizo zinahesabiwa kote kuwili, kwenye digrii na kwenye masta. Hapo ndipo mwaka mzima unapookolewa. Hakuna uchawi na hakuna kozi inayosomeshwa mbio zaidi, ni zilezile tu, ila mzigo wa mwaka wa nne unakuwa mzito kweli, maana takwimu za masta unazisoma wakati bado unamalizia maabara za kemia.

Ila chuo pia kinafanya biashara, usijidanganye, kwa hiyo kabla hujasaini nenda ofisi ya misaada ya fedha uwaulize swali moja tu: ni siku gani hasa nitaacha kuhesabiwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza? Hili swali watu hawaliulizi na ndilo linalouma mfukoni. Pell Grant, zile pesa za serikali ambazo hurudishi na nadhani familia yenu mnazipata, ni za digrii ya kwanza tu. Siku ukipewa digrii yako Pell imekwisha, haijalishi bado uko darasa lilelile na mwalimu yuleyule. Sasa kuna vyuo vinakupa digrii mwisho wa mwaka wa nne, vingine vinakupa zote mbili kwa pamoja mwisho wa mwaka wa tano, na tofauti hiyo inaweza kuwa maelfu ya dola. Na ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unaziba pengo kwa watu wa masta, sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeufuta kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa kawaida wa serikali kwa masta unaishia dola 20,500 kwa mwaka. Piga hesabu ya mwaka wa tano ukiwa na hizo namba mkononi, ada pamoja na pango la nyumba, halafu ndo uamue.

Swali la pili uwaulize ni masta ya aina gani. MPH (masta ya afya ya jamii) yenye epidemiolojia kama mchepuo, na MS (masta ya sayansi) ya epidemiolojia, si kitu kimoja hata kama kozi zinafanana. MPH iliyothibitishwa na CEPH, baraza la Marekani linalokagua masomo ya afya ya jamii, lazima iwe na krediti 42 kwenda juu na lazima uende vitendo mahali, idara ya afya ya kaunti au hospitali au shirika. MS imeegemea utafiti zaidi, unaandika tasnifu. Kwako wewe mwenye grinikadi tofauti ni ya ladha ya kazi tu, lakini kwa wasomaji wetu walioko huko kwa viza ya mwanafunzi ni suala zito, kwa sababu epidemiolojia yenyewe imo kwenye orodha ya masomo ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) na inakupa nyongeza ya miezi 24 ya kufanya kazi baada ya ule mwaka wa kwanza wa OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ukishahitimu, wakati MPH ya jumla haimo. Kinachoangaliwa ni namba ya kozi kwenye I-20, ile fomu ya viza unayopewa na chuo, si jina zuri lililoandikwa kwenye tovuti.

Kuhusu udaktari nitakuambia ukweli hata kama mshauri wako hatafurahi. Masta haifuti maksi za digrii ya kwanza. Mfumo wa maombi ya shule za udaktari unahesabu wastani wa maksi (GPA) wa digrii kivyake na wa masta kivyake, kwa hiyo kama bayolojia yako iko chini masta ya epidemiolojia haitaipandisha. Kama iko vizuri na unataka udaktari kwa dhati, mwaka huo wa tano na deni lake utakuwa umejinunulia kitu kizuri lakini si tiketi. Ila kama ukikaa ukajichunguza ukaona kinachokuvuta ni kujua kwa nini watoto wa kambini walikuwa wanaharisha kila mvua zikianza, na si kushika sindano, basi hiyo ndiyo epidemiolojia yenyewe na hapo sina kipingamizi.

Papa usimpuuze. Unesi ni kazi ya uhakika na yeye ameona mengi, hofu yake ina sababu. Mpelekee karatasi yenye namba, ada ya mwaka wa tano, mshahara wa kuanzia wa mtaalamu wa epidemiolojia kwenye idara ya afya ya jimbo lenu (nafasi za serikali huko zinatangazwa na mshahara wake, tafuta uchapishe) na mshahara wa nesi pembeni. Wazazi wetu wakiambiwa "ndoto yangu" wanakuwa wakali, wakiona hesabu wanakaa chini mnaongea.

Habari ya kazi dokta. Mimi ni afisa afya kwenye halmashauri moja Kanda ya Ziwa, nina digrii ya afya ya mazingira na uzoefu wa miaka kadhaa, nina mke na watoto wawili. Nimepata ofa ya masta ya epidemiolojia Uingereza ya mwaka mmoja. Skolashipu bado. Wenzangu wanasema nisome hapahapa nyumbani, eti ya mwaka mmoja ni nyepesi haiheshimiki. Nifanye nini?

Hongera kwa ofa kwanza. Hilo la nyepesi waambie wenzako waache. Uingereza masta nyingi ni mwaka mmoja na ziko hivyo siku zote, krediti 180 kwa miezi 12, hata pale London School of Hygiene and Tropical Medicine ambapo nusu ya majina makubwa ya fani hii yamepita, MSc ya epidemiolojia ya kukaa darasani ni mwaka mmoja. Nyepesi? Muulize aliyewahi kuipitia. Unaingia mwishoni mwa Septemba, hadi Krismasi wameshakumwagia takwimu, misingi ya epidemiolojia na softiwea, mwaka mpya unaanza moduli za wiki tano tano, hujakaa vizuri moduli imekwisha na kazi imeshadaiwa, Juni mitihani, halafu kiangazi kizima mradi wa utafiti, Septemba unakabidhi. Hakuna muda wa kuumwa wala kufiwa.

Tatizo la mwaka mmoja kwa mtu kama wewe liko kwenye huo mradi wa kiangazi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Una wiki chache sana. Watu wanafika Aprili wanasema mimi nitarudi Tanzania nikakusanye data zangu kule wilayani kwangu. Hutakusanya kitu. Unahitaji kibali cha maadili cha chuo, unahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, huku nyumbani, ukishakipata kuna barua za mkoa na wilaya, na kama data zinatoka nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha data ambao nao unapitia NIMR, na tangu ile sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 taarifa za wagonjwa hazibebwi kwenye flashi kama zamani. Kiangazi kinaisha bado unasubiri sahihi. Matokeo yake mtu mwenye uzoefu kama wako anaishia kuchambua data za Waingereza zilizokuwa kwenye kabati la profesa, anapata masta, anarudi, na hakuna alichokijua zaidi kuhusu Kanda ya Ziwa.

Kwa hiyo kazi ianze sasa, kabla hujapanda ndege. Pale ulipo umekalia dhahabu. Fikiria orodha ya wagonjwa wa kipindupindu ya mlipuko mmoja tu ambao mmeushughulikia nyie wenyewe. Ifungue kwenye Eksel uitazame kwa jicho la mtu wa nje. Kijiji kimoja kimeandikwa kwa tahajia nne, umri umejazwa 0 kwa watu wazima kumi na kitu kumbe hawakuulizwa, na safu ya tarehe ya kuanza kuumwa inafanana neno kwa neno na safu ya tarehe ya kufika zahanati, maana aliyejaza alikuwa amekesha siku mbili kwenye kambi ya wagonjwa akaona isiwe taabu. Sasa bila tarehe ya kuanza kuumwa ule mchoro wa mlipuko haukuonyeshi maambukizi yalianza lini, unakuonyesha tu watu walipata nauli ya kwenda zahanati lini. Mtu anayeweza kukaa na orodha kama hiyo, akairekebisha kwa kurudi kwenye daftari za zahanati, akaandika alichobadilisha na kwa nini, huyo akifika darasani ameshamaliza nusu ya masta. Ongea na mganga mkuu wa wilaya, ongea na mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, muombe mkurugenzi barua ya ruhusa ya kutumia data hizo, peleka maombi NIMR mapema ukiwa bado nyumbani, na umuandikie mtu wa kozi uliyopewa ofa umwambie nakuja na swali langu na data zenye kibali. Wanapenda sana mwanafunzi wa hivyo.

Pesa. Bila skolashipu usiende, nasema wazi, usiuze kiwanja. Ada ya mwanafunzi wa kutoka nje ni mzigo, juu yake kuna ada ya bima ya afya ya uhamiaji ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na pesa za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza. Na familia huenda ikabaki. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa masta za darasani hawaruhusiwi kuleta mke wala watoto, isipokuwa wanaofadhiliwa na serikali, kwa hiyo hilo mkae mlizungumze na shemeji mapema, si siku ya kuaga. Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanataka uwe na saa 2,800 za kazi, wewe unazo tele, na wanataka urudi nyumbani ukae miaka miwili, jambo ambalo kwa mtumishi wa umma si adhabu. Skolashipu za Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, ziko za aina kadhaa, ikiwemo ya kusoma kwa masafa. Na usisahau ruhusa ya masomo kwa mwajiri, ukiondoka kienyeji ukirudi utakuta jina limeshatoka kwenye orodha ya mishahara.

Hiyo ya kusoma kwa masafa usiidharau bwana afya. London School wana epidemiolojia kwa masafa, unaisoma ukiwa hapo hapo kituoni kwako, taratibu. Na hapa nyumbani MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, wana masta ya epidemiolojia na usimamizi wa maabara inayokwenda pamoja na FELTP, mafunzo ya epidemiolojia na maabara ya uwandani yaliyoanza Tanzania mwaka 2008, KCMC pale Moshi wana ya epidemiolojia na takwimu tumizi. Ile ya FELTP sehemu kubwa ya muda uko kazini, milipuko ikitokea unapelekwa. Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilipoingia Kagera 2023, na ikarudi 2025, kazi iliyohitajika ilikuwa ya kutembea nyumba kwa nyumba kuwafuatilia waliotangamana na mgonjwa kwa siku 21 kila mmoja, asubuhi na jioni joto linapimwa, na kuna watu wanajificha na kuna wengine wanakupa jina la uongo. Hiyo moduli ya wiki tano haiwezi kukupa. Ila wewe umeshaifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka, kinachokupungukia ni uchambuzi, na uchambuzi ndio mwaka mmoja wa Uingereza unaoutoa vizuri sana. Ndiyo maana kwako naona inafaa. Angekuwa kijana ametoka chuo jana hajawahi kuiona zahanati, ningemwambia abaki hapa miaka miwili avae buti kwanza.

Kwa hiyo omba skolashipu msimu huu, ofa iombe iahirishwe mwaka mmoja kama wanakubali, na mwaka huo uutumie kwenye data na vibali.

Aunty mimi hesabu form four nilipata D. Nina digrii ya lishe. Naipenda hii epidemiolojia ila naogopa, nasikia ni hesabu tupu. Nitaiweza?

Utaiweza kama unaweza hii. Tuseme kuna harusi watu wameharisha. Waliokula pilau ni 80, wakaumwa 40. Wasiokula pilau ni 40, wakaumwa 4. Katika wala pilau nusu yao wameumwa, asilimia 50, katika wasiokula ni asilimia 10. Gawa 50 kwa 10 unapata 5, yaani mla pilau alikuwa na hatari ya kuumwa mara tano ya asiyekula. Umeelewa? Basi wiki ya kwanza ya darasa umeshaipita.

Baadaye kunakuja swali ambalo si la hesabu hata kidogo: je, kama wala pilau ndio walewale waliokunywa juisi ya ukwaju, utajuaje nani mwenye kosa? Hapo unawatenganisha, unaangalia waliokula pilau bila juisi na waliokunywa juisi bila pilau, na kazi kubwa ya takwimu za masta ni kufanya hivyo kwa vitu kumi kwa mpigo, ambapo kompyuta inagawanya na wewe unafikiri. Kinachowashinda watu wengi ni kuandika amri za programu za takwimu kama R au Stata kwa mara ya kwanza, si hesabu. R ni ya bure, ipakue leo, cheza nayo miezi mitatu kabla ya kuomba. Kozi ya mwaka mmoja haitakusubiri ujifunze kufungua faili, na kwa mtu wa D yako ningechagua ya miaka miwili, unapumua.

Sasa aunty. Mimi niko Kisumu, nina degree ya statistics, nilikuwa nafanya data kwa project ya HIV, ikafungwa 2025 pesa ya Marekani ilipokatwa. Naona matangazo ya masta ya epi ya mwaka moja onlaini, chuo cha ng'ambo, wanasema inakupea kazi. Nilipe?

Usilipe kwanza. Pole sana kwa kazi, hauko peke yako, tangu agizo la Januari 2025 la kusimamisha misaada ya Marekani hadi USAID ilipofungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo watu wa data kutoka Kisumu hadi Mbeya wamejikuta nyumbani na vyeti vyao, wengi wao wana masta tayari. Kwa hiyo tangazo likisema masta inaleta kazi, uliza kazi ipi, kwa nani. Soko limejaa watu wenye uzoefu kuliko wewe wanaotafuta nafasi ileile.

Kabla ya shilingi yoyote, angalia kama chuo kinatambulika na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya Kenya, kama hakitambuliki hiyo karatasi kaunti haitaihesabu. Pili tafuta watatu waliomaliza kozi hiyo, uwaulize wako wapi sasa hivi, chuo kikigoma kukuunganisha nao umeshapata jibu. Tatu, Kenya ina FELTP tangu 2004, ni miaka miwili, inawalenga zaidi watu walio kwenye mfumo wa serikali, na hiyo nayo ilikuwa inategemea sana CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kwa hiyo uliza kama wanapokea maombi kabla hujaanza kuipangia maisha. Kuna pia ile ngazi ya chini ya miezi mitatu kwa watu wa kaunti, na ukiipata inakutambulisha kwa watu wa ufuatiliaji wa magonjwa kuliko cheti cha onlaini.

Wewe digrii ya takwimu unayo, hicho ni kitu wenye afya wengi hawana. Ningekuwa mimi ningegonga mlango wa idara ya afya ya kaunti, maana tangu ugatuzi wa 2013 afya iko kwao, nikaomba hata kazi ya mkataba mfupi kwenye ofisi inayopokea ripoti za kila wiki, nikajifunza magonjwa kwa hapo, na masta nikaitafuta yenye ufadhili mwaka unaofuata au ule mwingine. Na kama ulikuwa unaingiza data kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kwa hiyo project, iandike mstari wa juu kabisa kwenye CV, usiifiche chini ya hobi.

Maswali ya toleo lijalo yatumwe kabla ya tarehe 15. Waliouliza kuhusu masta ya lishe na ya maabara, nimewaona, vuteni subira.